Mapambo ya madirisha ya Krismasi na Idd pamoja na watoto wadogo: anza na nondo

Kabla hujanunua hata karatasi moja, nenda kasimame mbele ya dirisha lako ulitazame. Picha nyingi za mapambo zinazozunguka kwenye simu kila Desemba zimepigwa katika nyumba zenye kioo kimoja kikubwa kitupu, nje baridi, ndani joto. Dirisha langu hapa Tabata, Dar es Salaam, halina undugu na hilo. Lina nondo, lina wavu wa mbu, lina vioo viwili vya aluminiamu vya kusukuma, na ikifika saa nne asubuhi lazima kioo kimoja kiwe wazi, la sivyo tutaiva humo ndani.

Mwaka wa kwanza nilijifanya sioni. Nilibandika nyota za karatasi kwenye kioo kwa selotepu, watoto wakashangilia, na usiku ikashuka mvua ya vuli yenye upepo. Asubuhi nyota zote zilikuwa sakafuni, mdogo analia, na vipande vya selotepu vimebaki kwenye kioo, vikaokwa na jua hadi Januari. Tangu hapo nimejua kwamba kwa madirisha yetu pambo halibandikwi, linaning'inizwa. Na nondo, ambazo wengi tunaziona kama kitu cha kutuharibia sura ya nyumba, ndiyo kenchi nzuri kuliko zote ya kuning'inizia.

Yote nitakayoeleza nimeyafanya na wanangu wawili, wa miaka 3 na miaka 6, pamoja na watoto wa jirani ambao huongezeka kila wakisikia mkasi.

Ujue dirisha lako

Kama nondo ziko upande wa ndani, umeshamaliza nusu ya kazi. Funga uzi mmoja mlalo kutoka nondo ya kushoto hadi ya kulia, usawa wa kichwa chako, na mapambo yote yaning'inie kwenye huo uzi. Siku ya kufua mapazia unafungua fundo mbili tu.

Kama nondo ziko nje na wavu uko kati, usijaribu kutoboa wavu ili upitishe uzi. Tundu dogo la sindano hupanuka, na mbu haulizi kama umelitoboa kwa ajili ya sikukuu. Tumia fimbo ya pazia, au gonga misumari miwili midogo kwenye fremu ya mbao kama nyumba ni yako. Kwa mpangaji, fimbo ya pazia ndiyo salama.

Madirisha ya luva, yale ya vipande vya kioo vinavyofunguka kama mbavu za samaki, yana shida yake: ukifunga kitu kwenye kioo, siku ya kufungua kinachanika au kinakatalia katikati. Ning'iniza mbele yake, umbali wa kiganja kutoka kwenye vioo. Na nyumba za zamani za pwani zenye madirisha ya mbao yasiyo na kioo kabisa, hapo usihangaike na karatasi za kupitisha mwanga. Nenda moja kwa moja kwenye vipande vya vitenge, nitavifikia.

Jambo jingine ni upande linakoangalia dirisha. Desemba jua la saa sita mchana kwa Dar es Salaam linakuwa upande wa kusini, lakini liko juu mno kiasi kwamba paa linalikinga na ndani haliingii sana. Mwanga unaopendeza ni wa pembeni: asubuhi kwa dirisha la mashariki, jioni kwa la magharibi. Mimi nimechagua la mashariki kwa sababu watoto wakiamka ndilo wanalolikuta linawaka.

Vitu vya kuwa navyo

Shule zikifungwa, kila nyumba yenye mwanafunzi inabaki na madaftari yaliyoandikwa nusu. Huo ndio mtaji. Karatasi ya daftari ni nyembamba, mkono wa mtoto unaikata hata ikikunjwa mara tatu, kitu ambacho karatasi ya kuchapia haikubali kirahisi. Ongeza karatasi nyeupe kumi za A4, manila (karatasi ngumu) moja nyeusi na moja ya kijani, krepu nyekundu (ile karatasi laini yenye mikunyanzi), krayoni, uzi wa cherehani, pamba, na mkasi wa watoto wenye ncha butu. Vyote utavikuta kwenye duka lolote la stesheneri. Kwa fundi cherehani wa mtaani omba mabaki ya vitenge. Wengi watakupa bure, maana kwao ni takataka za kufagia.

Angalizo kuhusu krepu: ikipata maji, rangi inamwagika. Mwaka juzi kipande chekundu kilishikwa na mkono uliolowa, mkono ukashika ukuta mweupe, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Kitambaa kikavu kikae mezani muda wote, na maji yakae mbali.

Gundi ya unga

Gundi ya dukani inafaa, ila kwa watoto watatu wanaopaka kama wanasiliba nyumba, chupa haimalizi asubuhi moja. Sisi tunapika. Waliowahi kutengeneza tiara utotoni wanakumbuka kubandika kwa ugali au kwa wali uliopondwa. Hii ni ile ile, ila laini zaidi.

Chukua vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano, uvuruge kwenye robo kikombe ya maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha maji mengine robo tatu ya kikombe, mimina ule mchanganyiko humo huku unakoroga, punguza moto, endelea kukoroga dakika tatu hadi tano. Ikishakuwa nzito kama uji wa mgonjwa na imeanza kung'aa, epua. Tia chumvi kidogo. Iache ipoe kabisa kabla mtoto hajaigusa, kwa sababu gundi ya moto inang'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji.

Inakaa siku mbili tatu kwenye friji. Isizidi hapo, itachacha na nyumba itanuka. Paka nyembamba, kwa ncha ya kidole. Ukipaka nene karatasi inajikunja, na kuna jambo ambalo nililijua siku ya Krismasi yenyewe: sisimizi wanaipenda. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kizingiti cha dirisha hadi kwenye nyota ya juu kabisa, na mwanangu mkubwa akadhani ndilo pambo zuri kuliko yote.

Picha inayowaka: karatasi na mafuta

Anza na hii, ndiyo yenye maajabu mengi kwa jasho dogo. Umeshaona karatasi iliyofungia maandazi, pale mafuta yalipoingia inakuwa angavu kiasi kwamba unaona kidole upande wa pili. Karatasi ni nyuzi zilizoshonana zenye hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayoutawanya mwanga. Mafuta yakichukua nafasi ya hewa, mwanga unapita. Basi picha yoyote ya krayoni ukiipaka mafuta inageuka kuwa kama kioo cha rangi cha kanisani.

1. Kwenye karatasi ya A4, piga mstari wa penseli kuzunguka pande zote, vidole viwili kutoka ukingoni. Mwambie mtoto huo ndio ukuta, tunachora ndani ya ukuta. Akivuka, mwache.

2. Achore anachotaka. Mimi huchora mistari minene myeusi mitano sita ya kukatiza karatasi, na wao wanajaza vyumba vinavyopatikana, kila chumba rangi yake. Mtoto wa miaka 3 hahitaji mistari. Anahitaji krayoni nene na ruhusa.

3. Hakikisha rangi imekolea. Krayoni iliyopita juu juu haitaonekana. Hapa ndipo mkubwa wa miaka 6 anapochoka mkono na kulalamika, na hapo ndipo pa kumpa mapumziko badala ya kumalizia mwenyewe.

4. Bandika fremu kabla ya mafuta. Kata vipande vinne vya manila nyeusi, upana wa vidole viwili, uvibandike nje ya ule mstari wa penseli. Nasisitiza kabla, kwa kuwa gundi haishiki kwenye karatasi yenye mafuta. Mara ya kwanza nilifanya kinyume na fremu zote zikabanduka kama maganda ya kitunguu.

5. Gundi ikikauka, geuza picha juu chini kwenye gazeti. Chovya pamba kwenye mafuta ya kula, yakamue, halafu mtoto apake kwa nyuma. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha karatasi moja. Aishie mbali kidogo na fremu, mafuta yana tabia ya kutembea yenyewe.

6. Futa kwa karatasi ya chooni, iache saa moja juu ya gazeti jipya, ndipo utoboe matundu mawili juu na kupitisha uzi.

Itundike mahali pasipogusana na pazia, maana doa la mafuta kwenye pazia jeupe ni kesi nyingine. Na isikae karibu na mshumaa wala koroboi. Umeme ukikatika usiku wa sikukuu, mshumaa uwekwe mezani, mbali na dirisha. Karatasi yenye mafuta inashika moto mara moja. Pamba uliyotumia itupe, usiirudishe kwenye droo.

Vitambaa vya bibi

Wenzetu wa nchi za baridi hukunja karatasi na kuikata wapate chembe ya theluji. Theluji ya kwetu iko kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu, na wanangu hawajaiona. Nilipomfungulia mdogo karatasi yake ya kwanza alisema, "Mama, kitambaa cha kochi cha bibi!" Kweli kabisa. Ni vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo bibi zetu wanavitandaza kwenye migongo ya makochi na juu ya redio. Jina limebaki hilo.

Chukua karatasi ya A4, kunja kona moja mpaka ukingo wa juu ulale juu ya ukingo wa pembeni. Kipande kinachobaki chini, cha sentimita kama 9, kikate na ukiweke kando, tutakihitaji. Ukifungua una mraba. Kunja mraba kwa mshazari, upate pembetatu. Kunja tena katikati. Kwa mtoto wa miaka 4 na 5 ishia hapo. Kwa mkubwa, na kama ni karatasi ya daftari, kunja mara ya tatu.

Sasa somo lenyewe: pembetatu ina ncha moja ambapo mikunjo yote inakutana. Hiyo ndiyo katikati ya kitambaa. Ukiikata ncha hiyo unapata tundu la katikati. Ukikata vijipembe kwenye mikunjo unapata nyota na almasi. Ukikata upande ulio wazi unapata ukingo wenye meno. Sheria ni moja tu, usiukate mkunjo kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana kitambaa kitaanguka vipande vipande. Usimweleze sana. Mwache akate mmoja uanguke, acheke, kisha akate wa pili.

Watoto wa chini ya miaka 4 hawawezi mkasi kwenye karatasi iliyokunjwa. Wape kazi ya kuchana. Mwanangu mdogo hukalia gazeti na kuchana karatasi za rangi vipande vidogo, kisha anavibandika kwenye duara la manila. Anaita keki. Inakaa dirishani pamoja na vingine, na hakuna anayeirekebisha. Hili nalisema kwa uzoefu: ukishaanza kunyoosha kazi ya mtoto, mtoto anaondoka mezani na wewe unabaki unapamba peke yako saa tano za usiku.

Kwa kioo kinachosukumwa, vitambaa hivi visibandikwe kwenye kioo kinachopita nyuma ya kingine. Viunge viwili au vitatu kwa uzi, kimoja chini ya kingine, vining'inie kama ngazi. Upepo wa feni ukivipiga, vivuli vyake vinacheza ukutani, na hapo ndipo watoto wanapokaa kimya kwa mara ya kwanza siku nzima.

Ua la mkrismasi

Wengi wetu tunahangaika na kuchora msonobari wakati mti wa Krismasi wa kwetu uko barabarani, umewaka mwekundu toka Novemba. Mkrismasi asili yake ni Madagaska, lakini umekuwa wetu kiasi kwamba tumeupa jina la sikukuu. Kabla ya kukata chochote, toka nje na watoto mkaokote ua lililoanguka. Msipande juu, yaliyoanguka yapo tele.

Likalisheni mezani mlibomoe taratibu. Mtaona petali nne nyekundu, nyembamba shinani na pana juu kama kijiko, kingo zimekunjamana. Ya tano ndiyo ya ajabu: ni kubwa zaidi, imesimama peke yake, ina weupe au manjano yenye madoadoa mekundu. Katikati kuna vinyuzi virefu vyekundu. Vihesabuni. Ni kumi. Mtoto wa darasa la kwanza akihesabu kumi kwenye ua halisi hasahau.

Sasa litengenezeni. Kata kigezo cha petali kwenye boksi la dawa ya meno, urefu wa kidole chako cha kati. Mkubwa afuatishe kigezo kwa penseli kwenye krepu nyekundu mara nne na kwenye karatasi nyeupe mara moja. Krepu inakatwa ikiwa mbili mbili, ikiwa moja inakimbia mkasi. Kingo zake zivutwe kwa vidole vya pande zote mbili mpaka zilegee na kukunjamana. Kazi hii wanaigombania.

Petali nyeupe ni ya mdogo. Apige madoa mekundu kwa krayoni, tena apige kweli, tok tok tok. Kata duara la manila ukubwa wa kizibo cha chupa ya maji, paka gundi, panga petali nne, kisha ile nyeupe ielekee juu. Vinyuzi kumi vinatoka kwenye uzi mwekundu au vipande vyembamba vya krepu vilivyosokotwa. Funika shina la petali kwa duara la pili, na kati ya maduara mawili laza uzi wa kutundikia. Gundi ikikauka, uzi hautoki.

Maua saba nane kwenye uzi mmoja, yakitenganishwa na majani ya kijani yaliyochanwa kwa mkono, yanajaza dirisha la upana wa mita moja na kidogo. Jua la Desemba hupausha krepu. Ifikapo mwaka mpya nyekundu imekuwa ya waridi. Mimi sioni ubaya, hata ya kwenye mti hupauka.

Mnyororo wa kuhesabu siku

Vile vipande vya sentimita 9 vilivyobaki kwenye A4 sasa vina kazi. Kila kimoja kinatoa mikanda minne ya upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 21. Paka rangi, bandika mkanda wa kwanza uwe pete, pitisha wa pili ndani ya wa kwanza, ubandike, na kuendelea. Kila pete inakuwa na upana wa sentimita kama 6, kwa hiyo pete 24 zinavuka dirisha la kawaida zikiwa zimelegea vizuri.

Hiyo 24 sikuitaja bure. Ning'iniza mnyororo tarehe 1 Desemba, na kila asubuhi mtoto akate pete moja mpaka mkesha wa Krismasi. Maswali ya "Mama, bado siku ngapi?" yanapungua. Hayaishi.

Nyumba yetu ni ya mchanganyiko. Bibi wa watoto upande wa baba anaishi Tanga na ni Mwislamu, hivyo Ramadhani mnyororo unarudi dirishani, safari hii wa pete 30, na unakatwa baada ya futari. Uzuri wake ni kwamba pete ya mwisho ina mashaka. Mwezi unaweza kuandama usiku wa 29, na hapo pete moja inabaki bila kukatwa. Watoto waliobaki na pete mkononi, huku mtaa mzima unapiga kelele za Idd, wameelewa kalenda ya mwezi kuliko ningewaeleza kwa maneno.

Mwezi uliolala

Kwa dirisha la Idd, pambo kubwa ni mwezi mwandamo. Kuna kosa moja tunalolinakili kutoka kwenye kadi: mwezi unachorwa umesimama kama mundu. Huku kwetu karibu na ikweta, mwezi mchanga mara nyingi unaonekana umelala chali, pembe zikielekea juu, kama dau lililoegeshwa. Bibi alipoona ule wa kwanza tuliotundika alisema, "Mwezi gani huu umesimama? Ulazeni upumzike."

Pindua sahani ya chakula kwenye manila, mtoto azungushe penseli. Kisha weka bakuli dogo kidogo kuliko sahani ndani ya duara hilo, liguse ukingo upande mmoja, uzungushe tena. Kata. Toboa matundu mawili, moja kila pembe, karibu na ncha, na mwezi utaning'inia umelala wenyewe. Ukitoboa moja tu katikati ya mgongo utapinduka. Upambe kwa nyota za karatasi ya ndani ya pakiti ya majani ya chai, ile inayong'aa. Nyota ndogo zifungwe kwa nyuzi za urefu tofauti chini ya dau.

Vitenge kwa dirisha lisilo na kioo

Hapa hakuna ujuzi. Kata mabaki vipande vya urefu wa shubiri, upana wa vidole viwili. Funga kamba kwenye nondo, mlalo, chini kiasi cha mtoto kufika akiwa amesimama sakafuni. Kila kipande kikunjwe katikati, kizungushwe kwenye kamba na kufungwa fundo moja. Mtoto wa miaka 5 anajifunza fundo humo humo, kabla ya kamba za viatu. Kikishajaa, kamba inapandishwa juu. Mvua ikikipiga kinakauka, upepo ukikipiga kinapendeza zaidi, na mwakani kinatumika tena.

Mkono wa mtoto na dirisha

Kanuni ya nyumbani kwangu: watoto wanatengeneza mezani, mtu mzima anatundika. Hakuna stuli wala kochi chini ya dirisha siku hiyo, hasa kwa wanaoishi ghorofani. Mtoto akishapenda pambo lake atataka kuligusa, na nondo kwake ni ngazi. Nyuzi zinazoning'inia ziwe fupi, au ziishie juu ya kimo cha mtoto mrefu kuliko wote, zisijezunguka shingo. Shanga na vifungo viwekwe mbali na walio chini ya miaka 3.

Kwa wanaotamani kupaka rangi kwenye kioo chenyewe: changanya vijiko viwili vya rangi ya maji ya watoto na kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo, wapake kwa vidole upande wa ndani. Sabuni ndiyo inayoifanya ifutike kwa kitambaa kibichi. Chokaa usiipe mikono ya watoto hata kama fundi aliacha nusu ndoo, inaunguza macho.

Usipange kufanya yote siku moja. Mwanangu mdogo anakaa mezani dakika kumi, mkubwa nusu saa. Siku ya kwanza mafuta, ya pili vitambaa, ya tatu ua. Na andika jina na mwaka nyuma ya kila kipande, kwa penseli.

Kuyashusha

Picha za mafuta hazikai mwaka, zinaanza kunuka. Zitupwe, ila kwanza zipigwe picha mwenyewe akiwa ameishika. Vitambaa vya bibi vilazwe ndani ya daftari kuukuu na kuwekewa kitu kizito juu. Maua ya krepu yakae kwenye boksi bila kubanwa, pamoja na karafuu chache, mende hawazipendi. Mwezi na kamba ya vitenge viingie bahasha moja iliyoandikwa Idd, kwa sababu sikukuu hiyo inawahi kwa kama siku 11 kila mwaka, na siku moja itakukuta hujajiandaa.

Gundi ya unga iliyodondokea kizingitini ilowekwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano, itatoka yenyewe. Kwa alama za selotepu za miaka ya ujinga, paka mafuta ya kula, subiri robo saa, sugua kwa kitambaa, kisha osha na sabuni.